Anza na Simu Uliyo Nayo: Maneno kwa Kijana Anayetaka Kujifunza Kuandika Programu



Nazungumza nawe kijana uliyemaliza kidato cha nne, uko nyumbani, na kila siku waambiwa "enda ukasomee kompyuta". Na wewe mzazi uliyeombwa pesa za kozi na hujui kama zina faida ama zaenda na maji. Niskizeni nyote.

Kuandika programu ni kuipa kompyuta maagizo, moja baada ya jingine. Mama akimtuma mtoto dukani humwambia: uliza unga, kama hakuna chukua mchele, rudi na chenji. Hiyo tayari ni programu. Tofauti ni kuwa mtoto atatumia akili pale uliposahau kitu. Kompyuta itafanya ulichosema, si ulichokusudia. Ukishika hilo, umeshika jambo kubwa.

Kwanza, chagua lugha moja tu. Nakushauri Python. Ilitolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, ni ya bure, na ni nyepesi kusoma. Usihangaike na mabishano ya lugha gani ni bora. Msingi ukiujua, lugha ya pili haitakusumbua sana.

Pili, usingoje laptopu. Simu ya Android yatosha kuanzia. Kuna Pydroid 3, ukishaipakua yaendesha Python hata bando likiisha. Masomo ya freeCodeCamp ni ya bure, na somo la CS50 la chuo kikuu cha Harvard laweza kufuatwa bila malipo. Kwa hivyo mzazi, mtu akikuomba maelfu na kukuahidi kazi kwa mwanao baada ya wiki sita, mwambie kwanza akuonyeshe kazi walizotengeneza wanafunzi wake kwa mikono yao. Akibabaika, weka pesa zako.

Tatu, andika. Kutazama video peke yake hakukufundishi, kama vile kutazama mpira hakukufanyi mchezaji. Chukua hesabu ya matatu:

nauli = input("Nauli ni ngapi? ")
abiria = 14
print(nauli * abiria)

Endesha, uandike 50. Watarajia 700, si ndio? Utapata 50505050, hivyo hivyo mpaka 50 zitimie kumi na nne. Mbona? Kwa sababu kila unachoandika kupitia input, Python hukichukua kama maandishi, hata kikiwa ni tarakimu. Nayo maandishi mara 14 ni kuyarudia mara 14. Imekutii, lakini hukuiambia kuwa ni namba. Rekebisha mstari wa kwanza:

nauli = int(input("Nauli ni ngapi? "))

Sasa utapata 700. Hapo ndipo wengi hukata tamaa wakisema "mimi sina kichwa cha kompyuta". Si kweli. Kutafuta kosa ndiyo kazi yenyewe, hata kwa waliobobea. Ukiandika abira badala ya abiria, itakutolea maneno mekundu, lakini yasome: yatakutajia mstari na jina lisilojulikana. Hayakutukani, yakuelekeza.

Tenga nusu saa kila siku. Andika kwa mkono wako, usinakili. Akili bandia iulize ikueleze kosa, lakini isikuandikie kazi yote, maana utabaki na programu usiyoijua. Baada ya mwezi, tengeneza kitu kidogo cha kweli: madeni ya duka la mama, ama michango ya chama cha mtaani. Kitu ambacho mtu atakitumia.

Na usidhani haya ni ya kutafuta kazi pekee. Januari 2008, nchi yetu ikiwaka baada ya uchaguzi, Wakenya wachache walijenga tovuti ya Ushahidi kwa siku chache tu. Wananchi walituma habari za ghasia kwa simu na intaneti, zikawekwa kwenye ramani. Miaka miwili baadaye jukwaa hilo hilo lilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Walioanzisha hawakungoja wageni waje kuwaandikia.

Leo ombi la kitambulisho, la basari na la matibabu lapitia kwenye mfumo wa kompyuta. Mfumo una sheria ndani yake, na sheria hizo kuna mtu ameziandika. Kama hakuna kijana wa mtaa wetu anayeweza kuzisoma, nani atasema pale zinapotuacha nje?

Basi usingoje Januari wala muhula mpya. Leo kabla hujalala, andika ile mistari mitatu. Kesho ongeza wa nne: mtoe dereva pesa za mafuta, uone anabaki na ngapi.