Nishani ya Mzee Aliyejeruhiwa Vitani

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Chama, Kataboi



 Halmashauri ilinitaka nijibu swali ambalo limeulizwa barazani zaidi ya mara moja, nalo ni hili: Askari aliyejeruhiwa katika Vita Kuu ya Pili, akarudi kwao Turkana bila ya kupewa kitu cha kuvaa kifuani, je, aweza kuomba nishani ya majeraha yake baada ya miaka mingi hivi? Na ikiwa mwenyewe amekwisha kufariki, je, wanawe waweza kumwombea?

Nitajibu kwa maneno machache kwanza, kisha nieleze. Nishani ya majeraha hataipata, kwa sababu jeshi la Uingereza, ambalo ndilo lililomwandika, halikuwa nayo. Lakini nishani za vita alizostahili kwa utumishi wake bado zaweza kuombwa. Ombi lililochelewa si ombi lililokufa. Linakufa pale tu linapoombwa kwa jina lisilo lake.

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba vita ile haikuwa habari ya mbali kwa watu wa nchi hii. Italia ilipotangaza vita tarehe 10 Juni, 1940, Wataliani walikuwa wamekwisha kuitawala Uhabeshi, na mpaka wa Uhabeshi ndio mpaka wetu wa kaskazini. Lokitaung ikawa kituo cha jeshi. Brigedi ya 25 ya Afrika ya Mashariki ilisonga mbele kutoka Turkana mwaka 1941 kuelekea upande wa mto Omo, na vijana wa Kiturkana walikuwamo katika kazi hiyo. Addis Ababa ilitekwa Aprili mwaka uo huo, na Wataliani wa mwisho wakasalimu amri huko Gondar mwezi wa Novemba.

Wengine katika jeshi la Keya, yaani King's African Rifles, walivuka bahari. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipelekwa Ceylon mwaka 1943, na mwaka uliofuata ikaingia Burma, ikateremka bonde la Kabaw katika mvua na matope hata ikafika Kalewa mwezi wa Desemba. Si wote waliofika. Tarehe 12 Februari, 1944, meli Khedive Ismail ilizamishwa na Wajapani katika Bahari ya Hindi, wakafa watu wapatao 1,300, na mamia kati yao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Waliorudi walirudi na risasi mwilini, na miguu iliyopinda, na masikio yaliyozibwa na mizinga.

Sasa nije kwenye nishani yenyewe. Watu wengi wamesikia kwamba Wamarekani humpa askari aliyejeruhiwa nishani yenye umbo la moyo. Ni kweli. Jenerali George Washington aliweka alama ya heshima ya namna hiyo mwaka 1782, na mwaka 1932 ikafufuliwa, ikawa nishani ya waliojeruhiwa na waliouawa. Wajerumani nao walikuwa na beji yao ya majeruhi. Uingereza haikufuata njia hiyo. Tangu mwaka 1916 aliyejeruhiwa aliruhusiwa kushona mstari mdogo wa rangi ya dhahabu katika mkono wa kushoto wa koti lake. Desturi hiyo ilikoma mwaka 1922, ikarudishwa mwaka 1944. Ilikuwako pia beji ya fedha ya Mfalme kwa walioachishwa jeshi kwa ajili ya majeraha au ulemavu wa vita. Ule ulikuwa uzi, na hii ilikuwa beji, wala hakuna kati yao kilichokuwa nishani.

Iko pia nishani iliyoitwa Military Medal, na jina lake limewapotosha wengi. Hiyo ilitolewa kwa ushujaa, hata mwaka 1993 ilipofutwa. Mtu haiombi mwenyewe, na kujeruhiwa peke yake hakukutosha kuipata.

Basi je, jeraha halina thamani yo yote katika hesabu ya nishani? Linayo, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Ziko nishani za utumishi. Ya kwanza ni Nishani ya Vita ya 1939–45, iliyotolewa kwa kila askari aliyetumika siku 28 tu, mahali po pote, kati ya tarehe 3 Septemba, 1939, na tarehe 2 Septemba, 1945. Kisha iko Nyota ya 1939–45, kwa aliyetumika miezi sita katika eneo la mapigano. Iko Nyota ya Afrika, kwa waliopigana kaskazini ya Afrika na katika Uhabeshi, Eritrea na Somalia. Na iko Nyota ya Burma. Sasa, kwa ile Nyota ya 1939–45, sheria ilisema hivi: askari ambaye utumishi wake katika eneo la mapigano ulikatizwa na kifo, au jeraha, au ulemavu uliotokana na vita, ahesabiwe kuwa ametimiza muda wake. Kwa hiyo aliyepigwa risasi katika mwezi wa pili, akaondolewa kwa machela, asiambiwe kwamba miezi yake haikutosha. Jeraha lake ndilo lililoitimiza.

Huenda mtu akauliza, kwa nini basi hawakupewa tangu zamani? Sababu ni nyingi. Nishani hizo zilianza kutolewa mwaka 1948, na kufikia wakati huo askari wengi walikuwa wamekwisha kuachishwa, wamerudi kwa ng'ombe na ngamia wao. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Kuingia na kutoka kulihitaji ruhusa. Barua ingemfikaje mtu anayehama na mifugo kufuata malisho? Tena liko jambo la majina. Mturkana ana jina la kuzaliwa, na pengine ana jina la dume lake la ng'ombe ampendaye, ambalo ndilo rafiki zake humwitia. Karani wa jeshi aliandika alilolisikia, na kwa tahajia aliyoiweza. Ndiyo maana mjukuu akipeleka leo jina la babu yake kama linavyotamkwa nyumbani, huenda lisionekane katika daftari lo lote.

Kwa hiyo, anayetaka kuomba na afuate mambo haya. Kwanza, itafutwe namba ya askari kabla ya jina. Namba hiyo yapatikana katika cheti cha kuachishwa jeshi, ambacho wazee wengi walikihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi au sanduku la bati. Pili, yaandikwe majina yote aliyojulikana nayo, na kikosi chake, na mahali alipoandikishwa, na mahali alipojeruhiwa. Tatu, ombi lipelekwe kwa Ofisi ya Nishani ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza. Ikiwa mwenyewe amefariki, mwombaji awe ndiye mrithi wa karibu, kwa desturi mjane, kisha mtoto wa kwanza. Nacho cheti cha kifo na uthibitisho wa ujamaa viambatishwe. Nishani ambayo haikupata kutolewa haiuzwi, hutolewa bure. Mtu akiwataka mbuzi watano ili awashughulikie, mwambieni aende zake. Msaada wa kweli waweza kuombwa kwa chama cha askari wa zamani wa Kenya, kilichojulikana miaka mingi kwa jina la KAFOCA.

Nisiwadanganye, ndugu zangu. Nishani si fedha, wala haileti pensheni. Jambo la malipo ni jambo jingine, nalo lina uchungu wake. Mwaka 1945 malipo ya kuwaaga askari yalipimwa kwa cheo na pia kwa rangi ya ngozi, na hati zilizotangazwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba Mzungu aliweza kupata hata mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile. Mwaka 2018 Serikali ya Uingereza ilitangaza msaada wa karibu pauni milioni 12 kwa maveterani maskini wa Jumuiya ya Madola na wajane wao. Wako wasemao kwamba msaada si haki, na mimi siwezi kuwapinga. Lakini madai ya fedha yasichanganywe katika barua moja na ombi la nishani, maana kila moja lina mlango wake, na barua inayogonga milango miwili hurudishwa na yote miwili.

Huenda kijana aseme: ya nini kusumbuka kwa kipande cha shaba na utepe, na mzee hayupo? Namjibu kwa desturi zetu wenyewe. Zamani Mturkana aliyemwua adui vitani alichanjwa chale begani na kifuani, na kila aliyekutana naye njiani aliweza kusoma habari zake bila ya kuuliza. Mwili wake ulikuwa nishani yake. Lakini aliyepigwa risasi ugenini alirudi na kovu ambalo hakuna hata mmoja aliyejua kulisoma. Watu waliona mtu anayechechemea nyuma ya mbuzi. Kuomba nishani yake ni kulisomea kovu hilo mbele ya watu.

Neno la mwisho. Nishani za Vita Kuu ya Kwanza ziliandikwa jina la askari pembeni mwake. Zile za Vita ya Pili alizopewa Keya hazikuandikwa jina lo lote. Hata ikija kesho kutoka Uingereza, nishani hiyo itakuwa haimjui mwenyewe. Mwaka 1928 sanamu ya askari na mpagazi ilisimamishwa mjini Nairobi, nayo pia haina jina la mtu hata mmoja. Kwa hiyo kazi ya kuandika majina imebaki kwetu. Naomba Chama kifungue kitabu, na kila mwanachama, kabla ya mkutano wa mwaka ujao, alete jina la mzee wake aliyekwenda vitani, na namba yake ikiwako, na mahali alipoumia. Wajane waulizwe kwanza, maana hao ndio walioyaosha majeraha hayo, na siku zao hazingoji mkutano.