Mhadhiri Aliyekaa Bungeni Miaka Hamsini
Hotuba iliyotolewa mbele ya washarika na wageni wa Dayosisi katika jubilei ya miaka mia



Katika jubilei kama hii ni desturi kuwataja waliojenga na waliohubiri, nao wametajwa kwa haki. Maneno haya yamekusudiwa hasa kwa vijana ambao wazazi wao huuza samaki na ufuta ili wao wafike chuoni, nao huulizana kama msomi aingiapo katika siasa huitumikia elimu yake au huizika. Swali hilo halijibiki kwa maneno ya jumla. Afadhali lipimwe kwa maisha ya mtu mmoja, Mwai Kibaki wa Kenya, aliyezikwa kwao Othaya tarehe 30 Aprili 2022 akiwa amefikisha umri wa miaka 90. Hakuwa Mlutheri. Alikuwa Mkatoliki aliyelelewa na shule za misheni hadi Mang'u, na ndugu zetu Wakatoliki waliopo hapa watatuwia radhi tukimwazima kwa siku moja.

Alihitimu Makerere mwaka 1955 kwa daraja la kwanza katika uchumi, akaenda London kusomea fedha za umma, kisha mwaka 1958 akarudi Makerere kufundisha akiwa mhadhiri msaidizi. Chuo hicho kilikuwa cha Afrika Mashariki nzima. Hata Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso huko Masasi, alihitimu hapo mwaka 1962. Kibaki hakukaa sana darasani. Mwaka 1960 aliacha kazi yenye heshima na mshahara wa uhakika, akaenda Nairobi kuwa mtendaji wa chama kichanga cha KANU. Mwaka 1963 alichaguliwa kuwa mbunge wa Donholm, Nairobi, na tangu hapo hakutoka Bungeni mpaka mwaka 2013.

Miaka hiyo 50 haikuwa na uzito mmoja. Katika uchaguzi wa 1969 nusura aangushwe na mwanamke, Jael Mbogo, naye mwaka 1974 akahamia Othaya, kwa watu wa kwao, ambako hakushindwa tena. Alishika Wizara ya Fedha katika miaka yote ya 1970, bei ya mafuta ilipopanda na ya kahawa ilipopanda na kushuka. Watu wa Kusini wanajua kwa nini jambo hilo si dogo. Huku kwetu hesabu za wataalamu zilileta mpango wa karanga wa Nachingwea, na reli yake, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Reli nayo ikang'olewa baadaye. Mwenye kushika kalamu ya bajeti hushika riziki za watu ambao hatawaona kamwe.

Makamu wa Rais tangu 1978, aliondolewa katika cheo hicho mwaka 1988 na kupewa Wizara ya Afya. Alinyamaza. Wengi walimlaumu kwa ukimya huo, na lawama hiyo ina haki yake, kwa maana msomi anayeona kosa na kukaa kimya huwa ameificha talanta yake ardhini. Mwaka 1991 aliwaambia waliodai vyama vingi kwamba kuiondoa KANU ni sawa na kukata mti wa mugumo kwa wembe. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo alijiuzulu, akaanzisha chama chake. Alishindwa urais mwaka 1992, akashindwa tena 1997.

Alishinda mwaka 2002. Tarehe 30 Desemba aliapishwa Uhuru Park akiwa katika kiti cha magurudumu, kwa sababu ya ajali ya gari ya mwezi huo, mbele ya umati usio na hesabu. Mwezi uliofuata ada za shule ya msingi zilifutwa, na zaidi ya watoto milioni 1 wakaingia madarasani. Uchumi uliokuwa ukikua chini ya asilimia 1 ulifikia karibu asilimia 7 mwaka 2007. Machi 2004 alitia saini Arusha, pamoja na Mkapa na Museveni, mkataba wa Umoja wa Forodha wa Jumuiya iliyovunjika mwaka 1977 na kuundwa upya.

Miongoni mwa walioingia darasa la kwanza mwaka 2004 alikuwamo mzee wa miaka 84 wa Eldoret, Kimani Maruge. Alivaa kaptula na soksi za shule, akaketi na watoto. Alitaka, kama alivyoeleza mwenyewe, aweze kujisomea Biblia. Mwaka 2005 alisafiri hadi New York kuzungumzia elimu mbele ya wakuu wa dunia.

Wapendwa, hapa ndipo maisha ya mhadhiri huyu yanapokuwa mazito kuyasimulia. Tarehe 30 Desemba 2007, miaka mitano kamili tangu siku ya kiti cha magurudumu, alitangazwa mshindi wa uchaguzi uliobishaniwa vikali, akaapishwa jioni ileile Ikulu, bila umati. Usiku huo Kenya iliwaka. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lililojaa wakimbizi, wengi wao wanawake na watoto, lilichomwa moto wakiwa ndani. Hesabu za ukuaji wa uchumi hazikuwa na safu ya kuandikia jambo hilo.

Mwana wa Lupaso aliitwa kusuluhisha, pamoja na Kofi Annan na Graça Machel. Tarehe 28 Februari 2008, Rais Kikwete akiwapo Nairobi, Kibaki na Raila Odinga walitia saini kugawana madaraka. Wako wasemao Kibaki alilazimishwa. Hata kama ni hivyo, alikubali kupungukiwa, na viongozi wengi hawakubali hata hilo.

Mzee Maruge aliporwa mali yake katika machafuko hayo. Akiwa katika kambi ya waliohamishwa, aliendelea kutembea kilometa kadhaa kwenda shule. Alibatizwa Nairobi mwaka 2009, naye akafariki Agosti ya mwaka huo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 27 Agosti 2010, Kibaki aliizindua Katiba mpya, ambayo ndani yake elimu ya msingi bila malipo imeandikwa kuwa haki ya kila mtoto.