Somo la Redio: Kununua Mikisa kwa Fedha Kidogo

Aliye na daftari na aliweke karibu, maana leo tutasoma na pia tutahesabu.

Somo la leo ni juu ya mashine ya kuchanganya sauti. Mafundi huiita mikisa. Wengi wenu mmekwisha kuiona kanisani, au arusini, au kwenye mkutano wa hadhara. Ni kisanduku bapa chenye vifundo vingi, na nyuma yake hukaa kijana mmoja ambaye watu wote humgeukia kwa macho makali spika zikipiga mluzi. Kazi ya kisanduku hicho ni kupokea sauti kutoka maiki na vinanda, kuipima kila sauti kwa kiasi chake, kisha kuzipeleka zote pamoja kwenye spika.

Tuchukue mfano wa kwaya moja kando ya Ziwa Jipe, chini ya milima ya Upare. Ng'ambo ya ziwa ni Kenya. Wanakwaya wamechanga fedha ili wapate mikisa yao wenyewe, waache kukodi. Mmoja ameuza perege, mwingine mbuzi, mwingine magunia ya mahindi. Fedha hiyo imekusanywa kidogo kidogo kwa misimu miwili. Ikitumika vibaya siku moja mjini, hairudi, na mweka hazina atakuwa na maneno ya kujibu mbele ya watu.

Basi wafanye nini kabla ya kupanda basi kwenda Moshi, Arusha au Kariakoo?

Kwanza wahesabu. Kwaya hii ina sauti nne: ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Kila sauti ina maiki moja, basi ni maiki 4. Kiongozi ana yake, sasa ni 5. Mhubiri au msemaji wa shughuli ana yake, sasa ni 6. Tena kuna kinanda kimoja. Gitaa la besi lina amplifaya lake, tuliache. Andika katika daftari: maiki 6, kinanda 1.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Muuzaji atasema, "Mzee, hii ina chaneli kumi, inawatosha kabisa." Huenda hasemi uongo. Lakini chaneli kumi si maiki kumi. Maiki nzuri huingia katika tundu la pini tatu, tena tundu hilo lina kikuza sauti ndani yake, kwa kuwa sauti ya maiki ni dhaifu sana. Matundu mengine ni ya jeki, nayo ni ya kinanda, simu au redio, ambavyo sauti yake ina nguvu tayari. Mikisa ya Yamaha iitwayo MG10XU ina namba 10 katika jina lake, lakini hupokea maiki 4 tu. Ndugu yake MG12XU hupokea maiki 6. Kwaya yetu ikinunua ile ya kwanza, sauti mbili zitakosa mahali pa kuingia. Kwa hiyo usiulize chaneli ngapi. Hesabu mwenyewe, kwa kidole, matundu ya pini tatu.

Na kwa nini pini tatu? Pini moja ni ya ngao ya waya. Mbili zilizobaki hubeba sauti ile ile, lakini moja huibeba kwa kuigeuza. Uvumi wa jenereta au wa nyaya za umeme ukiingia njiani, huingia katika waya zote mbili kwa kiasi kilekile. Mikisa huchukua tofauti ya waya hizo mbili. Uvumi ukiwa 5 hapa na 5 pale, tano toa tano ni sifuri. Uvumi umekwisha, sauti ya mwimbaji imebaki. Ndiyo sababu waya mrefu wa pini tatu hauleti kelele kama waya mrefu wa jeki wa kawaida.

Juu ya mashine kuna maneno ya Kiingereza, lakini herufi zake ni zile zile mlizojifunza hapa. Tafuteni M-I-C, hapo ni pa maiki. Tafuteni L-I-N-E, hapo ni pa kinanda. G-A-I-N ni kifundo cha kupokea: mwimbaji aimbe kwa nguvu zake zote, nawe uongeze mpaka taa nyekundu inataka kuwaka, kisha urudishe kidogo. A-U-X ni njia ya pembeni, ya kupeleka sauti katika spika ndogo inayowaelekea waimbaji wenyewe ili wasikilizane. Kwaya isiyojisikia hutoka nje ya sauti, hasa uwanjani penye upepo. Mashine isiyo na njia hiyo hata moja, mimi nisingeinunua kwa kwaya.

Geuzeni mashine, msome nyuma au kwenye adapta. Umeme wetu ni volti 230. Palipoandikwa 100–240 ni salama. Palipoandikwa 120 peke yake, mashine hiyo ilitengenezwa kwa Marekani, na ukiichomeka moja kwa moja hapa itaungua. Mashine ndogo nyingi hutumia adapta ya nje. Ikija na adapta ya kubahatisha, iulizie yake halisi kabla ya kulipa.

Ziko pia mikisa zisizo na vifundo kabisa, zinazoendeshwa kwa tableti. Behringer XR18 ina matundu 16 ya maiki, nayo ni ndogo ya kubebwa kwa mkono mmoja. Ni mashine nzuri. Lakini tableti ikizimika katikati ya ibada, huna kifundo cha kushika. Kwa kwaya inayoanza, naona afadhali ile ya vifundo.

Nyingine zina amplifaya ndani. Kama spika zenu hazina umeme wake, mashine ya namna hiyo hupunguza gharama na mizigo. Ubaya wake ni kwamba kikifa kimoja, vyote viwili huenda kwa fundi.

Mitumba msiiogope, ila ijaribuni. Chukueni maiki moja inayofanya kazi, muichomeke katika kila tundu, moja baada ya jingine. Zungusheni kila kifundo taratibu. Kikikwaruza, vumbi limeingia. Vumbi dogo husafishika, lakini chaneli iliyo bubu ni hasara. Majina makubwa yaliyobandikwa juu ya mashine za bandia yapo sokoni, basi linganisheni uzito, maandishi na risiti.

Sasa fedha. Tuseme wamechanga shilingi 1,200,000. Huu ni mfano wa hesabu tu, bei hubadilika. Nusu yake ni 600,000, na mikisa isizidi hapo. Inayobaki ni ya waya, stendi za maiki, kidhibiti cha umeme kwa ajili ya jenereta, na sanduku. Sanduku msilidharau. Seremala wa kijijini anaweza kulitengeneza kwa mbao nyepesi, ndani likatiwa sponji. Vumbi la tambarare ya Jipe halina huruma, na mashine itapanda Usangi au Ugweno nyuma ya pikipiki.

Kabla ya somo lijalo, nendeni mkaitazame mikisa moja iliyo karibu nanyi. Mwombeni fundi mitambo ruhusa kwa adabu. Andikeni jina lake na namba yake, idadi ya matundu ya pini tatu, na volti zilizoandikwa. Kisha andikeni maiki ngapi kikundi chenu kinahitaji, mtoe namba ndogo katika namba kubwa. Mwalimu wenu atasahihisha.

Kwaherini.