Mkulima na Kodi: Kuijua ni Kujilinda

(Mazungumzo kwa makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi)



Neno kodi huwatia watu wengi hofu kabla hawajauliza maana yake. Hofu hiyo haikuzuka bure. Mwaka 1898 utawala wa Wajerumani ulianza kutoza kodi ya nyumba, na asiyekuwa na rupia alifanyishwa kazi ya shuruti. Kodi hiyo, pamoja na kulazimishwa kulima pamba, ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Waingereza nao wakaendelea kutoza kwa kibanda na kwa kichwa. Basi mzee anunaye asikiapo neno hilo asichekwe. Anakumbuka aliyosimuliwa na wazazi wake.

Lakini yafaa ieleweke kwamba mambo yamebadilika. Kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 1969. Baadaye ilikuja kodi ya maendeleo, nayo ikafutwa mwaka 2003. Siku hizi mtu hutozwa kwa alichokipata, alichokiuza, alichokinunua au alichonacho, si kwa kuwa hai tu.

Kodi hizo huingia katika mifuko miwili. Mfuko wa kwanza ni wa Serikali Kuu, ambao Mamlaka ya Mapato Tanzania imekuwa ikiukusanyia tangu mwaka 1996. Humo huingia kodi ya mapato na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo mwanachama huilipa ndani ya bei ya sabuni au bati bila hata kuiona. Kwa kodi ya mapato, sheria ya mwaka 2004 humhesabu mtu kuwa mkaazi wa mwaka fulani akiwa na makao ya kudumu nchini na kuwapo kwa sehemu yoyote ya mwaka huo, au akikaa nchini siku 183 au zaidi. Kipimo ni ukaazi, wala si uraia.

Mfuko wa pili ni wa halmashauri ya wilaya, na ndio unaogusa ghala la chama. Humo huingia ushuru wa mazao. Mwaka 2017 kiwango chake kilipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mwaka huo huo ilielekezwa kwamba anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe.

Jambo kubwa ni hili: kisheria, ushuru wa mazao hulipwa na mnunuzi. Tuseme mwanachama ameuza kilo 1,000 kwa bei ya shilingi 2,000 kila kilo. Thamani ni shilingi 2,000,000, na ushuru wa asilimia 3 ni shilingi 60,000. Fedha hizo hutoka kwa mnunuzi juu ya ile bei. Zikikatwa katika malipo ya mkulima, mkulima amelipa deni la mtu mwingine, na shilingi 60,000 ni madaftari ya mtoto.

Hata hivyo, mnunuzi mwerevu huweza kuupunguza ushuru huo katika bei kabla hajafungua kinywa. Mkulima aliye peke yake hana la kujibu. Chama chenye mzigo wa wanachama wote ghalani kinalo jibu, nalo ni kungoja mnunuzi mwingine.

Kwa hiyo katibu anapaswa kuandika katika stakabadhi kila kato kwa jina lake: makato ya chama mahali pake, deni la pembejeo mahali pake. Kato lisilo na jina lisikubaliwe. Kadhalika, kamati iombe nakala ya risiti ya ushuru aliolipa mnunuzi, iisome mbele ya mkutano mkuu, kisha imwulize diwani fedha hizo zimefanya nini katika barabara ya kwenda ghalani.

Mali bila daftari huisha bila habari. Mwanachama anayeijua kodi yake hulipa iliyo halali bila kunung'unika, na huikataa isiyo halali bila woga.