Jua la Hai na Mafuta ya Mbono: Vikutane Kwenye Tangi



Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Mwaka 1913, kule Maadi nchini Misri, joto la jua lilizalisha mvuke wa kuvuta maji ya Nile. Kwa hiyo leo, tunapojadili kutumia mafuta ya mimea na joto la jua, hatujadili jambo geni. Tunajadili hesabu.

Tuseme kuna bweni hapa Bomang'ombe, wilayani Hai, linalotumia lita 1,000 za maji ya moto kwa siku. Kuyapandisha kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunadai uniti (kilowati-saa) 46 hivi za nishati. Lita moja ya mafuta ya mbono (jatropha) ina takriban uniti 10, lakini jenereta ndogo hutoa umeme wa robo yake tu. Ukipasha maji kwa umeme huo, utaunguza lita 18 kila siku, na kila lita hukamuliwa kutoka kilo 4 hadi 5 za mbegu. Karibu gunia zima limeishia bafuni!

Maji yapashwe na jua. Tambarare ya Hai hupata kama uniti 5 kwa mita ya mraba kwa siku; mitambo ya paani ikinasa nusu yake, mita za mraba 20 zinatosha. Injini ya jenereta ibaki na taa, pampu na friji. Ikitoa kilowati 4 kwa saa 3 za jioni, itakula lita 5. Robo tatu ya nishati ya mafuta hayo hutoka kama joto, hasa kwenye rejeta na bomba la moshi, na hapo ndipo mifumo hii miwili inapooana: nusu ya joto hilo likielekezwa kwenye tangi, zaidi ya theluthi ya maji ya bweni imepata moto. Mwezi Julai, mawingu yanapoufunika Mlima Kilimanjaro na wanafunzi wanatetemeka, theluthi hiyo si haba.

Mafuta ghafi ya mbono ni mazito. Injini iwashwe kwa dizeli, ihamie kwenye mbono ikishapata moto, kisha irudishwe kwenye dizeli kabla ya kuzimwa, la sivyo nozeli zitaziba. Mashudu yake ni sumu kwa mifugo. Yapelekwe shambani kuwa mbolea.

Mbegu je? Lita 5 kila jioni ni karibu tani 8 za mbegu kwa mwaka. Kwa makadirio ya kilo 1 kwa kila mita ya uzio wa mbono, hizo ni kilomita 8 za uzio. Kule Engaruka, shirika la TaTEDO lilionyesha kwamba injini ya kijiji inaweza kuendeshwa kwa mafuta haya. Shamba kubwa la mbono la Kisarawe, lililofungwa mwaka 2011, lilionyesha upande wa pili: hatari ya kulitegemea zao hili kwenye mashamba makubwa. Mimi sishauri mtu ang'oe mahindi ili apande mbono.

Hesabu hiyo ya kila jioni inafaa mahali pasipo na gridi; kwa kuwa Bomang'ombe ina umeme wa TANESCO, hapa injini isishindane nao, ingoje unapokatika. Kwa taasisi yenye fedha ya kifaa kimoja tu, pendekezo langu ni kuanza na tangi na mitambo ya paani, huku tangi likiachiwa tundu la ziada la bomba litakalotoka kwenye injini.