Mwaka wa Kwanza Tusimwombe Hela: Maisha ya Kijana Wetu Anayesoma Italia

Mazungumzo ya Mratibu wa Miradi na wajumbe wa kamati za sharika za Handeni na Korogwe



Nimeombwa nizungumze juu ya vijana wetu wanaokwenda kusoma Italia. Kwa nini Italia? Sababu iko wazi. Vyuo vikuu vya serikali vya nchi ile vina kozi nyingi zinazofundishwa kwa Kiingereza, hasa za shahada ya uzamili. Aidha, kila mkoa hutoa ufadhili kwa mwanafunzi anayetoka familia yenye kipato kidogo, awe Mwitaliano au mgeni. Hivyo mtoto wa mkulima wa mahindi wa Handeni, au wa kibarua wa shamba la mkonge Korogwe, anaweza kusamehewa ada, akapewa fedha ya kujikimu na chakula cha kantini. Hiyo ni neema kubwa.

Lakini leo sisemi juu ya kupata nafasi. Nataka tutazame anavyoishi akishafika: analala wapi, anakula nini, anaongea na nani, na sisi tuliobaki tunamfanyia nini. Maana kinachomwangusha mwanafunzi ugenini mara nyingi si somo gumu, bali ni maisha ya kila siku, na katika maisha hayo mkono wetu wa huku nyumbani umo.

Waliotangulia walikuwa na nyumba

Watanzania kusoma Italia si jambo geni. Laurean Rugambwa wa Bukoba alisoma sheria za kanisa huko Roma mwishoni mwa miaka ya 1940, na mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza wa nyakati hizi kufanywa kadinali. Mapadre na watawa wengi wamemfuata. Hao hupokelewa katika nyumba za kanisa lao: kitanda kipo, meza ipo, kengele ya chakula inalia, na yupo mkubwa wa kumuuliza. Kijana wetu hana hayo. Anashuka na sanduku lake kwenye kituo cha treni cha Bologna, Padova au Torino, na chumba anakitafuta mwenyewe.

Chumba chenyewe kwa kawaida kimo katika nyumba ya ghorofa ambayo wanafunzi watatu au wanne wanachangia kodi. Kila mtu ana kitanda chake, ila jiko ni moja, bafu ni moja, na zamu za usafi zimebandikwa ukutani. Mwenye nyumba hutaka kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana kabla ya kukabidhi ufunguo.

Wiki ya kwanza ni ya makaratasi. Ndani ya siku 8 za kazi tangu kuwasili, lazima apeleke posta maombi ya kibali cha kuishi, kinachoitwa permesso di soggiorno. Posta humpa stakabadhi na tarehe ya kwenda polisi kuchukuliwa alama za vidole. Kadi yenyewe inaweza kuchukua miezi, hivyo stakabadhi ile aitunze kama mboni ya jicho. Kisha kuna bima ya afya. Tangu mwaka 2024, mwanafunzi anayejiunga kwa hiari na huduma ya afya ya taifa hulipa si chini ya yuro 700 kwa mwaka, na mwaka unaohesabiwa ni wa Januari hadi Desemba. Anayefika Oktoba akalipa, Januari inambidi alipe tena. Asiyeambiwa hili mapema huishiwa kabla hajafungua daftari.

Mezani na darasani

Chakula hakitamshinda. Kaskazini mwa Italia wana chakula chao cha asili kiitwacho polenta, unga wa mahindi ya njano unaosongwa kwa maji ya moto, na Mzigua yeyote akikiona atajua ni nduguye ugali. Chakula cha mchana huliwa kama saa saba, cha jioni saa mbili usiku, na maduka madogo mengi hufungwa mchana. Baridi ya Januari inapita ile ya Lushoto ya mwezi wa saba, kwa hiyo koti zito ni la lazima.

Heshima nako ipo. Anayeingia dukani bila kusema "buongiorno" huonekana hana adabu, sawa na kijana wa huku anayepita wazee bila shikamoo. Mkubwa na profesa huitwa kwa neno la heshima, Lei, wala si lile la marika. Ndiyo maana nasisitiza kwamba hata kama kozi ni ya Kiingereza, Kiitaliano kijifunzwe kabla ya safari. Darasani atamwelewa profesa, lakini sokoni, hospitalini na kwa mwenye nyumba ni Kiitaliano tu.

Mitihani mingi ni ya mdomo. Mwanafunzi hukaa mbele ya profesa na kuulizwa, mara nyingi wenzake wakisikiliza. Alama ni kati ya 30, na ya kufaulu ni 18. Kijana aliyelelewa kutomjibu mkubwa ovyo huona haya kujieleza mbele ya profesa, na ukimya wake hudhaniwa kuwa hajui. Tuwazoeze vijana wetu kusimama na kueleza jambo, hata katika vikao vyetu vya usharika.

Jumapili ndiyo siku ndefu

Wanafunzi wa Italia wanapenda sana nyumbani kwao. Ijumaa jioni wale ambao kwao ni karibu hupanda treni kurudi kwa mama. Wanaotoka mikoa ya kusini hutumiwa vifurushi vya mafuta ya zeituni, jibini na nyama iliyokaushwa, kama sisi tunavyomtumia mtoto aliye Dar es Salaam kiroba cha unga kwa basi. Nyumba inabaki tupu. Mtanzania anabaki peke yake na simu yake, na simu hiyo ndiyo tunayompigia sisi. Tunampigia kumwambia nini?

Kanisa linaweza kumsaidia. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Italia, lililoundwa mwaka 1949, ni dogo, lakini lina sharika Roma, Milano, Napoli, Trieste na kwingineko, na ibada zake ni za Kijerumani na Kiitaliano. Wapo pia Wawaldensi, ambao chimbuko lao ni karne ya 12, kabla ya Luther, na leo makusanyiko yao mengi yana waumini kutoka Afrika. Barua ya utambulisho ya mchungaji haigharimu kitu, nayo inaweza kumfungulia kijana mlango wa nyumba ambamo atakula chakula cha Jumapili na watu.

Hesabu inayowaangusha

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Ufadhili ule wa mkoa una masharti. Kwanza, mwanafunzi hufika Septemba au Oktoba, lakini sehemu ya kwanza ya fedha mara nyingi hulipwa karibu na mwisho wa mwaka. Miezi mitatu hivi ataishi kwa alichotoka nacho.

Pili, fedha inafuata mitihani. Mwaka kamili wa masomo una krediti 60, na krediti moja ni kama saa 25 za kazi ya mwanafunzi. Kwa utaratibu wa kawaida, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anatakiwa awe na krediti 20 ifikapo Agosti 10, ambazo ni kama mitihani mitatu. Asipozifikisha, hapati sehemu ya pili. Ikifika Novemba 30 bado hajazifikisha, ufadhili wote unafutwa, na anadaiwa arudishe hata alichokwisha kula.

Tatu, sheria inamruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki, zisizozidi 1,040 kwa mwaka. Hapo ndipo sisi tunapoingia. Kwa mila zetu mtoto aliye Ulaya ana hela. Mwezi wa pili tu simu zinaanza: bati za nyumba ya babu, ada ya mdogo wake, msiba wa shangazi, mchango wa jengo la usharika. Kijana hawezi kusema sina, maana ataambiwa amejisahau. Basi anaosha vyombo mgahawani hadi usiku wa manane au anasambaza chakula kwa baiskeli, ili atume yuro 50 nyumbani. Asubuhi anasinzia darasani, na mitihani ya Januari inampita. Kwa yuro 50 zetu anapoteza ufadhili wa maelfu, na deni juu yake. Mwishowe hazungumzi tena na mtu. Watu husema amelewa Ulaya, kumbe anaona aibu.

Tunachoombwa kufanya

Kwa hiyo naziomba kamati mambo manne.

Moja, kabla ya kijana kuondoka, kamati ikae na wazazi wake na baba zake wakubwa na wadogo, wakubaliane mbele ya mchungaji kwamba mwaka wa kwanza hataombwa hela na yeyote, hata usharika. Likitamkwa mbele ya ukoo, kijana anapata kinga. Pasipo hilo anaachiwa ajitetee peke yake.

Mbili, nyaraka za kipato na za idadi ya watu wa familia zianze kushughulikiwa mapema. Hizo ndizo msingi wa ufadhili, nazo hutakiwa kutafsiriwa kwa Kiitaliano na kuhalalishwa kupitia ubalozi. Anayezianza wiki ya mwisho huzikosa.

Tatu, ateuliwe mtu mmoja wa kumpigia kila Jumapili. Amuulize ameshindaje, amekula nini, mtihani ni lini, wala asimpelekee shida ya nyumbani.

Nne, ndugu zetu wafadhili, mkitaka kumsaidia mwanafunzi wa Italia, msifikirie ada kwanza. Fikirieni ile miezi mitatu: amana ya chumba, bima, koti na chakula. Msaada mdogo wakati huo unaokoa ufadhili mkubwa unaokuja.

Wapendwa, mkulima wa Handeni akishapanda hachimbui mbegu kila asubuhi kuangalia kama imeota. Hupalilia, hufukuza ndege na kungoja. Kijana naye tumpe mwaka mmoja.