MTOTO ANALIA, NANI ASIKIE?

(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya swala ya Alasiri, Kaptagat)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ama baad. Ndugu msomaji, naanza na kisa ambacho wengi wetu tulikisikia madrasa. Imepokewa kwamba usiku mmoja Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa akiulinda msafara wa wafanyabiashara uliopiga kambi Madina. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake, akamwambia amtulize. Mtoto akalia tena, Umar akarudi. Mara ya tatu akauliza: ana nini mtoto huyu? Mama, asiyejua anazungumza na nani, akajibu kwamba anamwachisha ziwa kwa nguvu, kwa sababu Umar hatoi posho ila kwa mtoto aliyekwisha acha kunyonya.

Alfajiri ile Umar aliswalisha huku akilia, hata watu hawakuelewa vizuri kisomo chake. Baada ya swala akaamrisha itangazwe: kila mtoto atakayezaliwa ataandikiwa posho yake tangu siku ya kuzaliwa.

Hebu tazama, ndugu yangu. Umar hakumlaumu yule mama, wala hakumpa mawaidha ya malezi. Aliona kosa liko kwenye sheria aliyoiweka mwenyewe, akaibadilisha. Hiyo ndiyo sera, jamani.

Sasa tuje hapa kwetu. Asubuhi Kaptagat ni baridi na ukungu, wakimbiaji wako barabarani, na akina mama wanaelekea shambani kuvuna viazi. Mtoto wa miaka mitatu anabaki na nani? Mara nyingi ni dada yake wa gredi ya tatu au ya nne, ambaye siku hiyo haendi shule. Mmoja anakosa malezi, mwingine anakosa masomo. Halafu sisi tunasema, mama huyu hajali! Hivi kweli hajali, au hana pa kumwacha?

Mwaka 2003 serikali ilipoleta elimu ya msingi bila malipo, ilianzia darasa la kwanza. Chekechea iliachiwa mfuko wa mzazi. Wako waliosema, heri akae nyumbani asubiri ya bure. Katiba ya 2010 ikabadilisha mambo. Jedwali la Nne limezipa kaunti jukumu la elimu ya chekechea na pia vituo vya kulelea watoto. Madarasa tumeyaona yakijengwa. Lakini vile vituo vya malezi, kwa mtoto ambaye hajafika umri wa PP1, je, uliwahi kuuliza viko wapi?

Usidhani jambo hili ni geni kwa Waislamu wa Kenya. Miaka ya themanini wazazi wa Pwani walikuwa njia panda: wampeleke mtoto nasari akose dini, au madrasa akose maandalizi ya shule. Wazee wakaomba msaada kwa Aga Khan, na mwaka 1986 madrasa ya kwanza ya chekechea ya mpango huo ikafunguliwa Mombasa. Bi Swafiya Said akawafundisha walimu, wengi wao akina mama wa mitaa hiyo hiyo. Mpango ukafika Zanzibar, kisha Uganda. Hawakungoja, lakini pia hawakukaa kimya.

Basi tufanye nini? Kwanza, kaunti haiwezi kupitisha bajeti bila kuwashirikisha wananchi, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kikao kikiitwa kwenye wadi, twende, tusiwaachie wazee peke yao. Tuulize mambo matatu: mwalimu wa chekechea analipwa nini na mkataba wake ni wa muda gani? Uji wa watoto umetengewa pesa? Na kituo cha malezi karibu na soko kitajengwa lini?

Pili, msikiti wetu una chumba ambacho asubuhi hukaa kitupu hadi Adhuhuri. Kifagiliwe, kitiwe mikeka, kikaguliwe na wahusika, na watoto wa jirani, Mwislamu na asiye Mwislamu, wapokelewe. Hiyo nayo ni da'wah.

Mtume (S.A.W.) alikuwa akisikia kilio cha mtoto hufupisha swala, kwa kumhurumia mama aliye nyuma yake. Jamaa nzima iliswali kwa kipimo cha mtoto mmoja. Ramadhan hii, ukiwa kwenye tarawehe na mtoto akalia safu ya nyuma, usigeuke kukunja uso. Jiulize kesho asubuhi atabaki na nani.

Allah atujaalie tuwe wenye kusikia, na azipokee funga zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.